Kuanza Maisha Nairobi Ukiwa Mkimbizi: Mwongozo Kamili kwa Aliyetoka Kongo au Burundi

Basi la usiku kutoka Kampala huingia Nairobi alfajiri, na watu hushuka katikati ya jiji na mabegi yao, watoto wakiwa bado na usingizi. Nimewapokea wengi pale tangu mwenyewe niliposhuka miaka tisa iliyopita nikitokea Uvira. Karibu kila mtu huuliza, "Tutalala wapi?" Ana haki ya kuuliza, na nitamjibu. Lakini kuna swali ambalo hakuna anayeliuliza asubuhi ile, nalo ndilo litakalomfuata miaka mingi: jina lako utaliandikisha vipi?

Mwongozo huu ni kwa aliyetoka Kivu, Ituri au Burundi na anataka kuishi Nairobi kihalali, watoto wasome, naye apate riziki bila kukimbia kila gari la polisi. Soma wote kabla ya kuanza hatua ya kwanza, kwa sababu kosa la wiki ya kwanza hulipwa mwaka wa tatu.

Kwanza ujue unasimama wapi

Kenya ina Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022. Inasimamiwa na Kamishna wa Masuala ya Wakimbizi kupitia Idara ya Huduma za Wakimbizi, ambayo watu wote huiita DRS. UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, wapo na wanasaidia, ila anayeamua kama wewe ni mkimbizi ni serikali ya Kenya. Nimeona watu wakishinda nje ya ofisi za mashirika miezi kadhaa, kumbe mlango walioutaka uko kwingine.

Sheria hiyo inamtambua aliyekimbia kwa kuogopa kuteswa kwa sababu ya kabila, dini, uraia, msimamo wa kisiasa au kundi lake la kijamii. Inamtambua pia aliyekimbia vita na machafuko yaliyovuruga nchi yake, kama Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 unavyosema. Kwa hiyo aliyekimbia mapigano Goma Januari 2025 hana haja ya kubuni kwamba alikuwa mwanasiasa. Vita yenyewe inatosha kuelezwa.

Sasa jambo gumu. Sheria inataka mkimbizi akae katika maeneo yaliyotengwa: Dadaab, iliyofunguliwa 1991, Kakuma, 1992, na Kalobeyei, makazi yaliyoanzishwa 2016 karibu na Kakuma. Kukaa Nairobi kunahitaji ruhusa, na ruhusa hutolewa kwa sababu kama matibabu, masomo au usalama. Desemba 2012 serikali iliagiza wakimbizi wa mijini wote wahamie kambini. Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria, wakaenda mahakamani, na Julai 2013 Mahakama Kuu ikaifuta amri hiyo. Mwaka uliofuata yakaja misako, na watu wakafungiwa kwenye uwanja wa Kasarani. Nayataja haya ujue kwamba upole wa jiji hubadilika, na siku unapobadilika, wanaobaki salama ni wenye karatasi zinazosomeka vizuri.

Hatua ya 1: Siku tatu za kwanza

Ukiwa na ndugu au mtu wa kanisa lenu Kayole, Umoja, Githurai au Kasarani, nenda kwake moja kwa moja, umpigie kabla hujavuka mpaka wa Busia au Malaba. Usiyekuwa na mtu, tafuta kanisa la Wakongo au la Warundi katika mitaa hiyo. Mchungaji au mama mkubwa wa kanisa anajua nani ana nafasi sebuleni. Lala hapo, lakini usikae zaidi ya wiki chache bila kuchangia hata unga. Nyumba nyingi zina chumba kimoja, na urafiki wa ugeni huchoka.

Kwenye stendi usimpe mtu yeyote karatasi zako azishike. Wapo wanaojua lafudhi yetu, wanakuita "papa" au "mama" kwa upole, wanakwambia wanaye mtu ofisini. Mimi nilimlipa mmoja wao pesa zote nilizouzia baiskeli, akanipa fomu yenye muhuri wa bandia. Kuandikishwa ni bure. Mahojiano ni bure. Kupelekwa nchi ya tatu hakuuzwi. Yeyote anayetaja bei, hata akiwa amevaa kitambulisho shingoni, anakuibia.

Hatua ya 2: Funga jina lako kabla hujafika ofisini

Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo wengi wetu tunapoumia bila kujua.

Kwetu kila mtu ana jina lake. Baba anaweza kuwa Mugisho, mama Nzigire, mtoto wa kwanza Bahati na wa pili Amani, na hakuna jina moja linalowaunganisha. Burundi ni vivyo hivyo. Karani wa Kenya amezoea mtoto kubeba jina la baba au babu. Anapoona watoto wanne wenye majina manne tofauti, anajiuliza kama kweli ni wako. Ukishangaa na kusitasita, anaandika anavyoona.

Keti na familia yote, chukua daftari, ufanye hivi:

1. Andika jina kamili la kila mtu kwa herufi kubwa, jinsi lilivyo kwenye karatasi ya zamani zaidi mliyo nayo: cheti cha kuzaliwa, cheti cha ubatizo, kadi ya mpiga kura ya Kongo, cheti cha shule. Ukikuta tahajia mbili, chagua moja leo na usiiguse tena.

2. Amua mpangilio. Kongo tuna jina, jina la pili na la ubatizo. Mpangilio mtakaoanza nao ndio utumike kwenye kila fomu, ya shule, ya hospitali na ya simu.

3. Andika tarehe za kuzaliwa. Usiyeijua, kadirieni mara moja, kila mtu mzima aikariri.

4. Andika undugu halisi. Lugha yetu ni tamu lakini hapa inatuponza. Tunasema "ndugu yangu" kwa kaka, kwa binamu, hata kwa mtu wa kijiji kimoja. Tunasema "mama" kwa mama mdogo. Ukisema leo kwamba ndugu yako aliuawa, ataandikwa kaka. Mwaka ujao ukisema alikuwa mtoto wa baba mdogo, utaonekana umedanganya. Sema tangu mwanzo: "mtoto wa mdogo wa baba yangu, ambaye mimi namwita ndugu."

5. Mtoto usiyemzaa mwandike kama alivyo, mtoto wa dada yako au yatima wa jirani. Watu huogopa kwamba atanyang'anywa, wakimwita wa tumbo lao. Kinachotokea ni kwamba siku karatasi yake halisi inapojitokeza, faili la familia nzima linasimama.

Nimemwona mama mmoja wa Bukavu ambaye jina lake liliandikwa kwa "R" kwenye karatasi moja na kwa "L" kwenye nyingine. Herufi moja tu. Hospitali ilikataa kumsoma kwenye mfumo, akazunguka miezi akitafuta kurekebisha. Kwa hiyo karani akimaliza kuandika, mwombe kwa heshima uione skrini au karatasi kabla hajapiga chapa. "Samahani mkubwa, naomba nisome jina langu." Hakuna atakayekukasirikia kwa hilo.

Hatua ya 3: Jiandikishe mapema

Usiache siku 30 zipite tangu ulipoingia Kenya. Fika ofisi ya DRS na familia yote, pamoja na watoto wachanga, kwa sababu alama za vidole na picha huchukuliwa ana kwa ana. Nenda alfajiri, beba maji na uji wa mtoto. Foleni ni ndefu.

Mambo matatu yanaweza kukukuta. La kwanza, kuandikishwa na kupewa pasi ya mwomba hifadhi. La pili, kuambiwa uende Kakuma ukaandikishwe huko. Usikatae kwa hasira. Kama una mgonjwa anayetibiwa, au kuna mtu aliyekutishia ambaye unajua yuko kambini, lieleze hapo hapo na uonyeshe karatasi ya daktari. Shirika la msaada wa kisheria kama Kituo cha Sheria au Refugee Consortium of Kenya linaweza kukusaidia kuomba ruhusa ya kubaki. La tatu, mashine kuonyesha kwamba uliwahi kuandikishwa Uganda, pengine Nakivale au Kyaka II. Usikane. Eleza kwa nini uliondoka, kwa tarehe.

Ukipelekwa Kakuma, nenda ukijua hali ilivyo. Mgao wa chakula ulipunguzwa sana mwaka 2025, hata watu wakaandamana. Machi mwaka huo serikali ilizindua Mpango wa Shirika, unaolenga kugeuza kambi ziwe miji ambamo wakimbizi na wenyeji wanatumia shule na hospitali moja. Ni mwelekeo ninaouunga mkono kwa moyo wote, lakini mtoto hali mwelekeo. Ukiwa kambini, usisafiri kuja Nairobi bila kibali cha kutembea. Njiani kuna vizuizi, na utashushwa kwenye basi usiku.

Hatua ya 4: Mahojiano

Kwa sheria uamuzi unatakiwa utoke ndani ya siku 90. Wengi tunangoja zaidi, mara nyingine miaka. Tumia muda huo kujiandaa.

Andika mtiririko wa mambo: lini, wapi, nani, mkaenda wapi. Tumia alama unazozikumbuka kweli, kama msimu wa mahindi, Pasaka, siku mtoto alipozaliwa. Usinunue hadithi ya mtu mwingine. Zinauzwa, na maofisa wamezisikia mara mia.

Chagua lugha unayolia kwayo ukiumia. Kama ni Kifuliiru, Kinyamulenge, Mashi au Kirundi, omba mkalimani wa lugha hiyo. Ukimwogopa mkalimani kwa sababu ya kabila lake au kwa kuwa ni jirani yako, sema kabla ya kuanza. Mwanamke aliyefanyiwa ukatili anaweza kuomba ofisa mwanamke. Ukichagua Kiswahili, angalia saa. Sisi tuliosoma Kifaransa wengine tunasema "saa nane" tukimaanisha *huit heures*. Mkenya anasikia saa nane ya Kiswahili, anaandika *two o'clock*. Sema "usiku, watoto walikuwa wamelala" au "asubuhi, kabla ya kwenda shamba." Na ukiwa hukumbuki, sema hukumbuki.

Ukikataliwa, una siku 30 kukata rufaa kwenye kamati ya rufaa ya wakimbizi, na baada ya hapo Mahakama Kuu. Hesabu siku tangu ulipopokea barua, na siku hiyo hiyo mtafute wakili wa msaada wa kisheria.

Hatua ya 5: Nyumba

Anza na singo, chumba kimoja, katika ploti yenye wapangaji waliokaa muda mrefu. Utaombwa kodi ya mwezi wa kwanza na dipoziti. Kabla ya kutoa pesa uliza mambo manne: maji hutoka siku gani, stima ni ya tokeni au inalipwa na kodi, choo ni cha watu wangapi, na geti hufungwa saa ngapi. Swali la maji ndilo kubwa, kwa sababu ploti ya bei ndogo isiyo na maji inakula tofauti yote kwenye mitungi.

Lipa kwa njia inayoacha alama. Ukilipa taslimu, nunua kitabu cha risiti mwenyewe kama mwenye nyumba hana, keateka, msimamizi wa ploti, atie sahihi. Nasisitiza hili kwa wakimbizi, maana wapo wanaotuongezea kodi ghafla wakijua hatutaenda polisi. Risiti za miezi sita pia ni ushahidi wa unapoishi, na zitatakiwa shuleni.

Hatua ya 6: Simu na pesa

Nairobi bila M-Pesa huwezi hata kununua sukuma wiki kwa raha. Kusajili laini kunahitaji kitambulisho kinachokubalika, na wenye pasi ya karatasi hurudishwa mara nyingi. Hapo ndipo jirani mwema anasema, "Tumia jina langu." Wengi wetu tumefanya hivyo. Ujue gharama yake: pesa iliyo kwenye laini hiyo, kisheria, ni yake. Mkigombana, akihama au akifariki, huna pa kudai. Ikibidi uitumie, usilaze akiba humo. Siku utakapopata kitambulisho cha mkimbizi, kabla hata hujakionyesha kanisani, sajili laini yako mwenyewe, kwa jina lile lile la Hatua ya 2.

Hatua ya 7: Shule

Mtoto ana haki ya shule ya msingi ya umma. Nenda kwa mwalimu mkuu na karatasi ya DRS, risiti ya kodi na ripoti za shule ya zamani. Ataulizia cheti cha kuzaliwa ili amwingize kwenye mfumo wa wizara. Aliyezaliwa Kenya anastahili cheti cha kuzaliwa cha Kenya. Hakimpi uraia, lakini kinamfungulia mlango, basi kifuatilie akiwa bado mchanga.

Jiandae kwa jambo linalouma. Mtoto aliyekuwa darasa la sita Bukavu anaweza kuwekwa la tatu au la nne, kwa sababu alisoma kwa Kifaransa na hapa ni Kiingereza. Mwanangu alikuwa mrefu kuliko darasa zima na alilia wiki mbili. Usimtoe shule. Mwombe mwalimu mwaka mmoja, umtafutie kijana wa sekondari wa ploti yenu amsomee Kiingereza jioni. Wengi hupanda haraka, kwa sababu hesabu wanaijua tayari.

Hatua ya 8: Kazi

Sheria inampa mkimbizi aliyetambuliwa haki ya kufanya kazi na biashara. Ili kuajiriwa rasmi unahitaji kibali cha kazi cha daraja la M, ambacho ni cha wakimbizi na hakilipiwi ada. Shida ni kwamba mwomba hifadhi bado hakipati, na waajiri wengi hawajawahi kukisikia. Mwenye diploma aanze mapema kuvitafsiri vyeti vyake kwa Kiingereza na kuvipeleka kwenye mamlaka ya Kenya ya kulinganisha sifa za elimu, KNQA.

Wengine wote tunaanza chini. Utawaona vijana wa Burundi na vikombe vya njugu, mama zetu na vitenge begani mlango hadi mlango, mafundi wa Kongo kwenye cherehani, wasusi na vinyozi. Ushauri wangu: kutembeza ni kwa kuanzia tu. Kanjo, askari wa kaunti, wakikukamata na mzigo, mtaji wa miezi mitatu umekwenda asubuhi moja. Ukishajua wateja wako, ungana na mtu mmoja au wawili mkodi kibanda, mchukue leseni ya biashara ya kaunti. Kwa mwenye kitambulisho cha mkimbizi, PIN ya KRA, yaani namba ya mlipa kodi, inawezekana, nayo itahitajika.

Kuhusu hospitali nitasema kifupi. Zahanati ya umma itakupokea, mama mjamzito asingoje mwezi wa saba, na mwenye kitambulisho aulizie kujiunga na SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024.

Hatua ya 9: Ukisimamishwa na polisi

Simama, salimia, mwite afande, toa karatasi. Usikimbie, hata kama jana uliona wengine wakikimbia. Tembea na pasi ndani ya folda ngumu, picha yake iwe kwenye simu, na nakala kwa jirani unayemwamini. Ukipelekwa kituoni, uliza sababu na jina la kituo, mpigie jirani huyo. Katiba ya Kenya, Ibara ya 49, inataka uelezwe sababu kwa lugha unayoielewa na ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Bondi ya polisi hailipiwi. Najua wengi hutoa kitu kidogo waende zao, na siwezi kumhukumu mama mwenye mtoto mgongoni. Lakini kwenye kona ambako watu hulipa kila mara, gari hurudi kila Ijumaa.

Hatua ya 10: Sikio na jirani

Kiswahili chetu kitakufikisha, ila kitakutambulisha kabla hujamaliza sentensi. Ukisema "mayi", "bintu" au "franga", bei inaweza kupanda. Jifunze pesa za mtaani wiki ya kwanza: mbao ni 20, finje ni 50, soo ni 100, thao ni 1,000. Sambaza, wale samaki wadogo uliowaacha Kivu, hapa jirani yao ni omena. Sombe utaipata kwa mama mboga ukimwomba akuletee majani ya muhogo, na yeye ndiye mtu wa kwanza wa kufanya naye urafiki. Anajua chumba kinachohamwa, kazi ya kufua iliyopo, na keateka yupi ana mdomo.

Salimia ploti nzima. Penye kilio, nenda na mchango hata wa soo. Baada ya miezi kadhaa omba kuingia chama cha akina mama au cha ploti, kile kidogo cha kuzungushiana pesa kila wiki. Wakikukubali, usichelewe kuchanga hata mara moja, kwa sababu mdhamini wako wa baadaye, wa nyumba, wa shule au wa kituo cha polisi, ameketi kwenye kikao hicho.

Karatasi utakayoshawishiwa kuisaini

Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Burundi ilikuwamo zamani. Sheria ya 2021 inamruhusu mkimbizi kutoka nchi mwanachama kuacha hadhi ya ukimbizi kwa hiari yake, apate haki za raia wa Jumuiya kama kazi na biashara. Kwa mwenye pasipoti, mtaji na asiyeogopa serikali ya kwao, inaweza kumfaa. Lakini ukiiacha hadhi, unaacha na ulinzi wa kutorudishwa ulikokimbia. Usisaini kabla ya kuketi na wakili, na mume asisaini kwa niaba ya mke.

Mwisho, fungua pasi au kitambulisho chako leo, tafuta tarehe ya kwisha, hesabu miezi miwili nyuma, uiandike kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya ukutani. Siku hiyo ikifika, uwe kwenye foleni kabla jua halijatoka, na daftari la majina mkononi.